Kisumu Ilipokuwa Uganda

Kabla ya Aprili 1902, Kisumu na Naivasha zilikuwa Uganda. Watu hawakuhama, mpaka ndio ulihama. Waingereza walitaka reli yote, kutoka Mombasa hadi ziwani, iwe chini ya utawala mmoja. Wakachora laini mpya, basi. Wenyeji hakuna aliyewauliza.

Laini hiyo bado inauma. Reli na bahari zikabaki kwetu. Uganda ikabaki na chanzo cha Nile, bila mlango wake wa kutokea. Januari 2008 tulipigana sisi kwa sababu ya kura, reli ikang'olewa Kibera, na Kampala ikakosa petroli.

Nikivuka Busia naulizwa kitambulisho. Ng'ambo, muuza samaki ananisalimia kwa Kisamia, lugha ya nyanya yangu. Sasa mgeni ni nani hapo?