Sotoka Ilivyowamaliza Ng'ombe wa Nyika

Ukisimama Njoro, chini ya mlima wa Kilimanjaro, ukaelekeza macho kusini, utaiona nyika ishukayo mpaka nchi ya Wamasai. Zamani nyika hiyo ilijaa ng'ombe. Hata ulipofika mwaka wa 1892, wengi mno walikuwa wamekufa, wala aliyewaua hakuwa adui mwenye mkuki, bali ugonjwa mgeni uitwao sotoka.

Ugonjwa huu uliletwa Massawa, pwani ya Bahari ya Sham, mwaka wa 1887, pamoja na ng'ombe waliotoka ng'ambo kuwa chakula cha askari wa Kiitalia. Ukaenea Uhabeshi, ukaingia nchi za Wamasai yapata mwaka wa 1890 na 1891, na mwaka wa 1896 ukavuka mto Zambezi.

Ng'ombe mwenye sotoka hushikwa na homa, machozi na kamasi humtoka, mdomo hufanya vidonda, kisha huharisha, naye hufa baada ya siku chache. Katika kundi ambalo halijapata kuugua, huweza kufa tisa katika kila kumi. Huambukizana kwa pumzi na kwa ute. Basi makundi yaliyokutana kisimani yalipeana mauti. Nyati na pofu nao walikufa.

Mwaka wa 1892 msafiri Oscar Baumann alifika Ngorongoro, akawakuta Wamasai wamekonda kwa njaa, wakiomba chakula kambini mwake. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya kabila hilo walikuwa wameangamia, maana ndui nayo ilifuata. Wamasai wenyewe huuita wakati huo emutai. Wala tusidhani kwamba walipoteza mali tu: ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, ndiye mahari, ndiye fidia ya kosa. Wako waliowatoa watoto wao kwa wakulima ili wapate kula.

Wachagga waliwafunga ng'ombe wao nyumbani, wakawakatia majani na kuwapa migomba. Desturi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya sotoka. Lakini kwa maoni yangu ilikuwa na faida kubwa, kwa kuwa ng'ombe asiyechungwa hakutani na wageni.

Robert Koch alijaribu kinga ya nyongo huko Kimberley mwaka wa 1897. Chanjo iliyo bora zaidi ilitengenezwa baadaye na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, na tangu miaka ya 1960 serikali nyingi za Afrika zilichanja kwa pamoja. Hata hivyo sotoka ilirudi kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 1982, na tena mwaka wa 1997 ikivuka mpaka kutoka Kenya, ikawabidi waganga wa mifugo kuchanja upesi makundi ya mpakani. Mara ya mwisho ilionekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka wa 2001. Na mwaka wa 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani.

Ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, ilithibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka wa 2008.