Daftari la Saratani na Watu wa Kiongoroni

Neno saratani lilifika pwani kutoka Kiarabu, na asili ya maana yake ni kaa. Wanafalaki hulitumia pia kwa buruji ya nne. Daftari nalo ni neno la zamani. Lakini kuyaunganisha maneno haya mawili, yaani kuandika kila saratani inayopatikana katika nchi fulani ili ihesabiwe, ni jambo la karne ya 20.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo ilianza Kampala mwaka wa 1951, katika chuo cha utabibu cha Makerere. Waandishi wake walishika eneo la Kyadondo, wakawatenga wenyeji na wageni waliokuja kutibiwa tu, kwa maana hesabu ya wagonjwa isiyojua watu walikotoka haipimi kitu. Machafuko ya Uganda yaliikatiza kazi hiyo, ikarudishwa mwaka wa 1989.

Penye mionzi haja huwa kubwa zaidi. Hiroshima ilipata daftari lake mwaka wa 1957, na Nagasaki mwaka wa 1958, miaka kumi na zaidi baada ya mabomu. Belarus ilikuwa nalo kabla ya ajali ya Chernobyl ya 1986. Saratani ya tezi ya shingo ilipozidi kwa watoto, miaka ya nyuma ilikuwako ya kulinganishwa. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga ya wasema Kiswahili. Wachimbaji wake hawakupata daftari kama hilo.

Mwaka wa 2012 mpaka wa Selous katika Urithi wa Dunia ulibadilishwa ili kutoa nafasi kwa machimbo ya urani ya Mto Mkuju, Namtumbo. Mahali hapo pamo katika bonde la Rufiji, ambalo maji yake huishia katika mikoko ya delta, na Kiongoroni imo humo. Haisemwi hapa kwamba delta imechafuliwa. Lakini hesabu ya kabla haiwezi kuandikwa baadaye.

Na hapa lugha inaingia. CanReg, programu ya kompyuta iliyotungwa na wakala wa utafiti wa saratani ulioko Lyon, hutafuta marudio kwa kulinganisha majina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Karani mmoja akiandika Khadija na mwingine Hadija, mtu mmoja aweza kuwa wagonjwa wawili. Mzee wa Rufiji ahesabuye umri wake tangu gharika ya 1968 hana tarehe ya kumpa karani. Lililo zito zaidi ni makazi. Mgonjwa wa delta apelekwaye Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufikia kwa nduguze, labda Mbagala. Akiulizwa, “Unakaa wapi?” hujibu kwa haki kabisa, “Mbagala,” kwani kukaa katika Kiswahili ni kuishi na pia ni kuwapo kwa muda. Karani huandika Mbagala. Swali lifaalo ni, “Kwenu ulikotoka ni wapi, na umeishi huko miaka mingapi?”