Vyaelea Vimeundwa: Historia ya Kulitazama Tumbo na Nafasi ya Fundi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa pwani, waliojua kwamba kabla ya nahodha kusifiwa kwa safari, kuna fundi aliyeinama mwezi baada ya mwezi juu ya mbao na misumari. Huikumbuka kila nionapo picha za uzinduzi wa vifaa tiba: kiongozi ameshika mkasi, daktari bingwa amesimama kando yake, mashine inang'aa nyuma ya utepe. Fundi hayumo pichani. Mara nyingi hayumo hata katika bajeti.

Kifaa kimoja kinatosha kutuonyesha gharama ya usahaulifu huu, nacho ni endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera anaoupitisha daktari kinywani ili alitazame umio na tumbo, au njia ya haja kubwa ili autazame utumbo mpana.

Mwaka 1806, daktari kijana wa Frankfurt, Philipp Bozzini, alitangaza chombo chenye mshumaa, kioo na mirija ya kuingiza mwanga katika matundu ya mwili. Chombo kilipelekwa Vienna kwa majaribio, kikanaswa katika uhasama wa taasisi mbili za utabibu za mji huo, na kitivo cha tiba kikakikataa. Bozzini alifariki mwaka 1809 kwa homa ya taifasi, akiwa na umri wa miaka 35. Uvumbuzi wake ulizimwa na siasa za wasomi kabla sayansi haijaupima vya kutosha.

Mwaka 1868, katika mji wa Freiburg, Adolf Kussmaul alipata wazo la kupitisha bomba lililonyooka hadi tumboni. Nani angelivumilia? Jibu hakulipata kwa mwanazuoni mwenzake, bali kwa mwanamichezo wa maonyesho aliyejipatia riziki kwa kumeza panga. Mtu huyo alilimeza bomba lenye urefu wa sentimita 47, akathibitisha kwamba njia ipo. Hata hivyo Kussmaul hakuona kitu cha maana, kwa kuwa taa ya wakati ule haikuweza kumulika mbali kiasi hicho. Daktari alikuwapo, na wa kuchunguzwa alikuwapo. Kilichokosekana ni kazi ya fundi.

Fundi huyo alipatikana zaidi ya miaka 60 baadaye. Mwaka 1932, Rudolf Schindler wa Munich alishirikiana na mtengenezaji wa vifaa, Georg Wolf, wakatoa bomba ambalo nusu yake iliweza kupinda, ndani yake ikiwa imepangwa safu ndefu ya lenzi ndogo zilizoendelea kupitisha taswira hata bomba lilipojikunja. Kwa mara ya kwanza tumbo liliweza kutazamwa bila hatari kubwa ya kulitoboa. Kisha siasa ikaingilia tena. Schindler alikuwa na asili ya Kiyahudi; utawala wa Wanazi ulimtia kizuizini, na mwaka 1934 akahamia Chicago. Ujerumani ilimpoteza mtu aliyekuwa mbele ya wengine wote katika fani hiyo, na Marekani ikampata bila kugharimia elimu yake.

Vita vilipokwisha, Japani, nchi iliyoteswa mno na saratani ya tumbo, ilifuata njia nyingine. Daktari Tatsuro Uji alipeleka shida yake kwa wahandisi wa kampuni ya Olympus, na kufikia mwaka 1950 yeye na Mutsuo Sugiura walikuwa wameunda kamera ndogo ya kumezwa, yenye taa na filamu yake. Katika kisa hiki daktari alileta swali, kiwanda kikaleta mikono. Nafasi kubwa ya Japani katika soko la endoskopi hadi leo ina mizizi yake hapo.

Kisa ninachowasimulia wanafunzi wangu mara nyingi zaidi ni cha Michigan. Mwaka 1954, Harold Hopkins na Narinder Singh Kapany walichapisha mjini London makala kuhusu nyuzi za kioo zilizofungwa pamoja kubeba taswira. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliisoma akaona humo endoskopi inayopinda kabisa. Lakini mwanga ulivuja kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Aliyeziba uvujaji huo hakuwa profesa. Alikuwa Larry Curtiss, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, ambaye mwishoni mwa mwaka 1956 aliuvika uzi wa kioo koti la kioo cha aina nyingine, ingawa wakubwa wake waliitilia shaka njia hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1957, Hirschowitz akaumeza mpira huo yeye mwenyewe kabla ya kumpitishia mgonjwa.

Koti lile la kioo ndiyo kanuni inayotumika katika mikongo ya mawasiliano iliyotandazwa chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam. Huenda hata maneno haya yamekufikia kupitia uzi wa namna hiyo.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Kamera za kielektroniki zilichukua nafasi ya nyuzi kuanzia mwaka 1983. Kidonge chenye kamera, kilichotokana na wazo la mhandisi wa makombora, Gavriel Iddan, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Leo daktari huondoa saratani changa kupitia mpira huo bila kupasua tumbo, na programu za akili unde humwonyesha vivimbe ambavyo jicho lake lingevipita.

Je, haya yanatuhusu? Yanatuhusu sana. Saratani ya umio huwaandama watu wa magharibi mwa Kenya na kusini hadi Malawi, na mgonjwa wake hufikia hatua ya kushindwa kumeza hata uji. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, imejulikana kwa kuwawekea wagonjwa wa namna hiyo, kwa kutumia endoskopi, mirija ya chuma inayojipanua ili waweze kula tena. Kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha matumbo huliharibu ini, mishipa ya umio ikavimba na kupasuka, na mtu akatapika damu. Raba ndogo inayofungwa kwenye mshipa kupitia endoskopi inaweza kuyaokoa maisha yake.

Lakini mpira huo ni dhaifu. Tundu dogo kama ncha ya sindano likipitisha maji wakati wa kuoshwa, vifaa vya ndani huharibika. Ndiyo maana hupimwa uvujaji kabla ya kuoshwa, mifereji yake husuguliwa kwa brashi, kisha hutiwa dawa ya kuua vimelea kwa muda uliopangwa. Kazi hii ni ya muuguzi aliyefunzwa na fundi wa vifaa tiba. Wasipokuwapo, mashine iliyozinduliwa kwa shangwe huishia kufunikwa shuka katika chumba kilichofungwa, na mgonjwa huandikiwa rufaa ya kwenda mji wa mbali.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madaktari haiwezi kuanza kuhesabu mafundi. Historia inawajibu. Fani hii ilikwama kwa miongo mingi si kwa kukosa madaktari, bali kwa kukosa taa, lenzi na kioo, na ilisonga kila mara daktari alipokaa meza moja na fundi.

Basi, ndugu zangu mnaoandaa zabuni, msiidhinishe ununuzi wa endoskopi ambao mkataba wake hautaji vipuri, matengenezo na mafunzo ya watu watakaoitunza. Nanyi wanaharakati, mkiuliza mashine ngapi zimenunuliwa, ulizeni pia ngapi zinafanya kazi leo, na ni nani anayezitengeneza. Wanafunzi wangu wa ufundi na fizikia nao wakumbuke kwamba Curtiss alikuwa bado hajahitimu.