Wamadiga wa Ongole: Uamsho Uliopita Mikononi mwa Mafundi Ngozi

Historia ya misheni ya Wabaptisti wa Marekani huko Ongole, kusini mwa India, huanzia kilimani. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 1854, mmisionari Lyman Jewett, mkewe na waumini wachache wenyeji walipanda kilima kilicho jirani na mji, wakaomba apatikane mhubiri wa kukaa pale. Mmisionari John Clough alihamia Ongole mwaka 1866, na wengi husimulia yaliyofuata kana kwamba ni kazi yake. Ushahidi unaelekeza kwingine: Injili ilienezwa na Wamadiga wenyewe.

Wamadiga walihesabiwa najisi. Walikaa nje ya vijiji, wakachuna mizoga, wakashona viatu na viriba vya kutekea maji ya mashamba, na kupiga ngoma kwenye sherehe za miungu. Mmoja wao, Yerraguntla Periah, mfanyabiashara wa ngozi aliyekwisha kufuata mafundisho ya wayogi, alibatizwa mwaka huohuo wa 1866, kisha akahubiri kwa ndugu na jamaa zake kijiji kwa kijiji. Watu wa matabaka ya juu waliokuwa wakimsikiliza Clough walijitenga, wasitake kuchangamana na Wamadiga. Waongofu nao walikataa kula nyamafu, kupiga ngoma za ibada na kufanya kazi Jumapili, na wakubwa wa vijiji wakawaadhibu kwa hilo.

Wapo wasemao kwamba waongofu hao walifuata chakula tu. Ni kweli njaa ya 1876–78 iliua mamilioni, na Clough alichukua kandarasi ya kuchimba kipande cha Mfereji wa Buckingham ili wenye njaa wapate ujira. Lakini katika kipindi hicho alisitisha ubatizo kwa zaidi ya mwaka, akihofia jambo hilohilo. Ulipofunguliwa tena, tarehe 3 Julai 1878 walibatizwa watu 2,222. Njaa inaweza kueleza umati ule. Haielezi walioteswa kwa imani miaka kumi kabla yake. Hoja nzito zaidi ni kwamba ubatizo haukufuta utabaka: Wamala, jamii nyingine iliyohesabiwa najisi, na Wamadiga waliendelea kubaguana hata ndani ya makanisa. Hilo halikanushiki. Hata hivyo, linapima mipaka ya kanisa, halipunguzi ujasiri wa waliolijenga. Maombi ya kilimani yalizaa matunda Ongole pale waliotengwa walipopewa nafasi ya kuwa wahubiri.