Pikipiki ya bei nafuu kwenye vumbi la Mpwapwa: namna ya kuifanya idumu

Kila mwaka mvua zikikatika, kuanzia mwezi wa tano hivi, swali lilelile huanza kuingia kwenye simu ya studio: pikipiki haijamaliza mwaka na tayari inatoa moshi wa bluu, tatizo ni nini? Anayeuliza mara nyingi ni kijana wa bodaboda aliyechukua chombo kwa mkataba. Anapeleka hesabu kwa tajiri, na wamekubaliana kwamba muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Injini ikifa kabla ya mkataba kwisha, hesabu inaendelea kudaiwa lakini nauli hakuna. Tumeandika maelezo haya ili mtu aweze kuyasoma kwenye simu akiwa kijiweni, na kuyarudia akishika spana.

Tunazungumzia pikipiki za kawaida za cc 100 hadi 150, za Kichina na za Kihindi, zinazopanda Wotta na kushuka Gulwe kila siku. Mengi yatamfaa pia mwenye toyo ya mizigo, na hata yule aliyemnunulia mtoto kipikipiki cha magurudumu manne. Injini zote hizo ni za ukoo mmoja: ndogo, zinapozwa kwa upepo, na oili yake haizidi sana lita moja.

Nyingi za Kichina zimefuata muundo wa Honda CG125, uliotoka katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda walikuwa wamegundua kwamba katika nchi zetu watu wanabebesha pikipiki mizigo mikubwa, wanachelewa kumwaga oili na hawagusi kichujio cha hewa. Wakatengeneza injini ya kuvumilia hayo. Kwa hiyo chombo chako si kibovu kwa asili, ingawa vijiweni tumezoea kusema "ya Mchina hiyo". Lakini kuvumilia kuna kikomo, na udongo wetu unakifikia haraka.

Udongo huu umeshaua mashine kubwa zaidi

Wazee wa Kongwa wanaikumbuka habari ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, eneo ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya wilaya ya Mpwapwa. Waliletwa matrekta kwa wingi, mengi yakiwa masalia ya vita. Kiangazi kilipoingia ardhi ilikauka ikawa kama saruji, na mchanga uliomo ukala majembe ya plau na vyuma vingine kama msasa. Matrekta yakawa yanalala gereji kuliko shambani. Mwaka 1951 mradi ukafungwa.

Mchanga ni uleule. Zile chembe nyeupe zinazometa juani ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikipita kwenye kabureta na kuingia ndani ya silinda, zinasaga ringi na ukuta wa silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Ringi zikilegea, oili inapanda juu na kuungua. Huo ndio moshi wa bluu. Ukishauona, kuosha kichujio hakutarudisha kilicholiwa. Hapo ni kufungua injini.

Kwa hiyo kichujio cha hewa, ambacho mafundi wengi wanakiita eyaklina, ndicho kitu cha kwanza. Kiko ndani ya kasha chini ya siti au ubavuni, na kukifungua kunahitaji bisibisi tu. Ukikuta ni sponji, ioshe kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa. Usitumie petroli, maana moto wake hausubiri kiberiti. Ikamue kwa kuifinya katikati ya viganja, usiisokote kama nguo, itachanika. Ianike kivulini ikauke kabisa. Kisha idondoshee oili safi, ifinye mpaka ienee kote, halafu ikamue inayozidi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye kazi: sponji kavu inapitisha vumbi laini, sponji yenye oili inalinasa.

Kama ni cha karatasi, hakioshwi. Kigonge taratibu vumbi lianguke, au pulizia upepo kutoka ndani kwenda nje. Ukipulizia kutoka nje unalisukuma vumbi ndani ya karatasi. Kikishakuwa cheusi au kikipasuka, nunua kingine.

Kiangazi, kwa mtu anayeshinda barabara ya vumbi, tunashauri kukifungua kila wiki. Masika unaweza kuvuta wiki mbili au tatu. Angalia pia ule mpira unaounganisha kasha na kabureta. Ukipasuka, vumbi litapitia hapo bila kukutana na kichujio chochote.

Kuna vijana wanaoondoa kichujio kabisa ili pikipiki "ivute". Ni kweli unaweza kusikia mlio umebadilika na ukaona kama imepata nguvu. Tunachosema ni kwamba unakopa, na mkopo wenyewe unalipwa kwa silinda na pistoni mpya.

Oili

Katika pikipiki hizi oili moja inafanya kazi tatu: inalainisha injini, inalainisha gia, na klachi nayo inaogelea humohumo. Gari halina mpango huo. Ndiyo sababu si kila oili ya gari inafaa. Nyingine zina utelezi wa ziada unaofanya klachi iteleze ukiwa mlimani na abiria. Geuza chupa utafute herufi JASO MA, maana yake imepimwa kwa pikipiki zenye klachi ya ndani ya oili. Uzito unaotumika sana huku kwetu kwenye joto ni 20W-50, lakini kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Oili ya kupimiwa kwenye kidumu kisicho na jina iache, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Pikipiki mpya imwagwe oili mapema, ikifika kilomita 500 hivi. Vyuma vipya vinasagana na kuacha unga wa chuma ndani, na nyingi za aina ya CG hazina kichujio cha karatasi cha oili. Zina wavu mdogo tu na kisahani kinachozunguka. Unga ule hautoki mpaka uutoe. Baada ya hapo, kwa kazi ya bodaboda, kilomita 1,500 ni kipimo kizuri, na 2,000 ni mwisho. Piga hesabu: anayekimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha 1,500 kwa siku 15. Mita ikiwa imekufa, na nyingi zimekufa, hesabu kwa wiki mbili. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, ukibandike chini ya siti.

Mwaga injini ikiwa ya moto kiasi, si ya kuunguza, ili uchafu utoke pamoja na oili. Ukirudisha nati ya chini usiikaze kwa hasira. Ni nati ya chuma inayoingia kwenye aluminiamu laini. Ikila uzi, oili itavuja njiani bila wewe kujua. Mmoja wetu hapa kituoni alitoka Mpwapwa kwenda Kibakwe na nati ya namna hiyo. Injini iligandia mbele ya safari, mchana kweupe, na akarudi akiwa amepakiwa kwenye fuso la vitunguu pamoja na pikipiki yake.

Kati ya kumwaga na kumwaga, pima. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali tambarare, zima, subiri dakika chache. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe. Kwa nyingi za Kichina unakiegesha tu bila kukizungusha, kisha unasoma alama. Zenye kijidirisha cha kioo unaangalia tu. Injini ya lita moja ikipungukiwa robo lita, imepoteza robo ya damu yake.

Cheni na vingine

Cheni ikiwa kavu inakula spoketi, ikikazwa mno inakula beringi za gurudumu na za gia. Ishike katikati, upande wa chini, uisukume juu na chini: mchezo uwe kama sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochakaa hukaza pamoja na kulegea pengine, na unatakiwa kupima pale inapokaza. Ukirekebisha, alama za kulia na kushoto zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande. Ipake oili ya gia jioni ikiwa bado ina joto, kidogo, upande wa ndani, halafu ifute. Ukiilowesha inakusanya mchanga na kugeuka msumeno. Na tafadhali, usiipake injini ikiwa inazunguka kwenye gia. Vidole vimepotea hivyo. Siku ya kubadilisha, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja.

Plagi inakueleza hali ya ndani bila kufungua injini. Rangi ya kahawia kama udongo wa kichuguu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, anza kwa kuangalia kichujio cha hewa. Nyeupe kama chokaa ina maana injini inachoma kwa joto kali, mpelekee fundi. Mwambie pia apime valvu injini ikiwa baridi kabisa, kila kilomita 4,000 au 5,000. Nafasi yake ni nyembamba sana, kama karatasi ya daftari au chini ya hapo, kwa hiyo fundi anayepima kwa macho usimwachie. Pikipiki inayowaka vizuri asubuhi lakini inasumbua ikiwa ya moto, shida inaweza kuwa hapo.

Petroli ya kwenye chupa hatuwezi kuikwepa, vijiji vingi havina kituo. Itazame kwanza kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini yakiwa na mstari wake.

Makorongo ya mchanga ni somo lingine. Wengi wanapunguza upepo wa tairi ili wasizame, na kwa mita chache inasaidia. Lakini wanasahau kuurudisha. Tairi laini huteleza kwenye rimu, huvuta tyubu, na nozeli inakatika. Pancha ya namna hiyo haizibiki kwa kiraka.

Mlima wa Wotta ukiwa na mzigo, punguza gia mapema. Injini inayohangaika kwenye gia kubwa haipati mzunguko wa oili wala upepo wa kutosha. Mapezi ya silinda yakiziba tope, yasafishe jioni injini ikiwa imepoa. Kumwagia maji injini ya moto kunaweza kuipasua.

Kuhusu oili chafu: isimwagwe korongoni. Kiangazi, vijiji vingi vyetu vinafukua maji kwenye mchanga huohuo, na oili haiozi upesi. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, na likijaa ulizia gereji za mjini, zipo zinazoikusanya.