Kuuza tena nyumba ya halmashauri (Uingereza)

Kuuza tena nyumba ya halmashauri nchini Uingereza kunafungwa na masharti maalumu pale ambapo mwenye nyumba aliinunua kwa punguzo la bei chini ya mpango wa Haki ya Kununua. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuiuza wakati wowote, hata mwezi mmoja baada ya kuipata. Lakini akiiuza kabla ya miaka 5 kupita anaweza kudaiwa punguzo lote au sehemu yake, na kabla ya miaka 10 kupita ni lazima kwanza amtolee nafasi ya kuinunua yule aliyemuuzia. Masharti hayo yamo katika Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985 pamoja na marekebisho yake.

Chimbuko

Nyumba za halmashauri zilijengwa na serikali za mitaa ili zipangishwe kwa kodi nafuu. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980, iliyopitishwa wakati wa serikali ya Margaret Thatcher, iliwapa wapangaji wa Uingereza na Welisi haki ya kununua nyumba walizokuwa wakiishi. Aliyekuwa mpangaji kwa miaka 3 alipata punguzo la asilimia 33, na kila mwaka wa ziada uliongeza asilimia 1 hadi kufikia nusu ya thamani ya nyumba.

Punguzo kubwa namna hiyo lilileta swali tangu mwanzo: mtu akinunua kwa nusu bei na kuuza kwa bei kamili baada ya muda mfupi, faida ile ni ya nani? Sheria ya 1980 ilijibu kwa kuweka kipindi cha miaka 5 ambacho anayeuza hurudisha punguzo. Mwaka 1986 kipindi hicho kilipunguzwa kuwa miaka 3. Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004 ilikirudisha kuwa miaka 5, kwa walioomba kununua kuanzia tarehe 18 Januari 2005.

Uskoti ilifuta Haki ya Kununua mwaka 2016 na Welisi mwaka 2019. Uingereza inaendelea nayo, ingawa kiwango cha juu cha punguzo kilishushwa sana mnamo Novemba 2024.

Kurudisha punguzo

Anayeuza ndani ya mwaka wa kwanza anaweza kudaiwa punguzo lote. Kila mwaka kamili unaopita hupunguza deni kwa sehemu moja ya tano, hivyo mwaka wa pili ni asilimia 80, wa tatu 60, wa nne 40 na wa tano 20. Baada ya hapo hakuna deni.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hesabu haifanywi kwa fedha zilizopunguzwa siku ya kununua. Tangu marekebisho ya 2004 hutazamwa punguzo lilikuwa asilimia ngapi ya thamani, kisha asilimia hiyo hupigwa kwenye thamani ya nyumba siku inapouzwa. Tuseme nyumba ilithaminiwa pauni 200,000 na mpangaji akapunguziwa pauni 30,000, yaani asilimia 15. Akiiuza katika mwaka wa tatu kwa pauni 240,000, asilimia 15 ya bei hiyo ni pauni 36,000, naye hudaiwa asilimia 60 yake: pauni 21,600. Kwa hesabu ya zamani ya 1980 angelipa pauni 18,000 tu. Kwa njia hii umma hupata sehemu ya ongezeko la thamani, na bei zikishuka hubeba pia sehemu ya hasara.

Ongezeko lililotokana na matengenezo ya mwenye nyumba mwenyewe, kwa mfano chumba alichoongeza, halihesabiwi. Halmashauri pia si lazima idai: inaweza kusamehe deni lote au sehemu yake.

Deni huandikwa kwenye daftari la ardhi kama dhamana juu ya nyumba yenyewe, kwa hiyo haliwezi kufichwa kwa mnunuzi mpya.

Haki ya kwanza ya kununua

Aliyenunua kuanzia tarehe 10 Agosti 2005 akitaka kuuza ndani ya miaka 10 hutakiwa kumpa taarifa mwenye nyumba wa zamani. Huyo ana wiki 8 za kukubali au kupendekeza mwenye nyumba mwingine wa kijamii, kama vile chama cha nyumba. Bei ni thamani kamili ya soko. Pande mbili zisipokubaliana, mthamini wa wilaya huamua. Jibu lisipopatikana, nyumba huuzwa kwa yeyote, lakini isipouzwa katika miezi 12 taarifa hutolewa upya. Kwa kuwa halmashauri hulipa bei kamili, kununua upya nyumba iliyoiuza kwa bei nafuu ni mzigo mkubwa kwake.

Maeneo ya vijijini

Katika hifadhi za taifa kama Lake District, na katika vijiji vilivyotajwa na serikali, hati ya mauzo inaweza kudai kwamba mnunuzi wa baadaye awe ameishi au kufanya kazi eneo hilo kwa miaka 3. Sharti hili halina ukomo wa miaka. Lengo lake ni kuzuia nyumba chache za vijijini zisigeuzwe za mapumziko kwa watu wa mijini.

Uhamisho usiodaiwa na ujanja uliozibwa

Nyumba ikirithiwa, ikihamishiwa mwenzi wa ndoa, au ikigawanywa na mahakama wakati wa talaka, punguzo halirudishwi. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu wa karibu aliyeishi na mwenye nyumba kwa miezi 12 iliyotangulia.

Kupangisha kwa kodi ya kawaida hakuhesabiwi kuwa kuuza. Pengo hilo lilitumiwa na makampuni yaliyowapa wapangaji fedha za kununulia: mpangaji alihama, kampuni ikapangisha nyumba, kisha ikaichukua kipindi kilipokwisha. Sheria ya 2004 iliziba mwanya huo kwa kuhesabu mapatano ya namna hiyo kuwa mauzo tangu siku yalipofanywa. Kupangisha kwenyewe kumebaki halali, na majengo mengi ya halmashauri jijini London sasa yana wapangaji wa watu binafsi wanaolipa kodi ya soko mlango kwa mlango na wapangaji wa halmashauri.