Sura ya Tano ya Nehemia, na Mji wa Juba

Leo tumefungua kitabu cha Nehemia, lakini hatutakaa Yerusalemu muda mrefu. Tunataka tuvuke mpaka wetu, tupite Lokichogio, tufike Juba, tuitazame kazi iliyofanyika huko baada ya mwaka wa 1972. Vita vya pili vya Sudani wengi wetu twavikumbuka, na wakimbizi wa Kakuma tunawajua kwa majina. Ila ile miaka kumi na moja ya amani iliyokuwa kati ya vita na vita imesahauliwa, nasi tunaona si haki isahauliwe.

Vita vya kwanza vilianza kwa uasi wa askari wa Torit mwezi wa Agosti 1955, kabla Sudani haijapata uhuru wake tarehe 1 Januari 1956. Viliendelea miaka kumi na saba. Shule za misheni zilichukuliwa na serikali mwaka wa 1957. Wamisionari wakafukuzwa kusini 1964. Mwaka uliofuata watu wengi wakauawa Juba na Wau. Aliyeweza alikimbilia Uganda, Kongo, Ethiopia au Jamhuri ya Afrika ya Kati. Asiyeweza aliingia msituni na watoto wake.

Amani ilipatikana Addis Ababa, na hapo sisi watu wa makanisa tuna sehemu yetu. Wapatanishi walikuwa Baraza la Makanisa la Ulimwengu pamoja na Halmashauri ya Makanisa ya Afrika Yote, ambayo ofisi zake kuu ziko hapa kwetu Nairobi. Katibu mkuu wa Halmashauri hiyo, Kasisi Burgess Carr wa Liberia, ndiye aliyesimamia mazungumzo. Wajumbe wa serikali waliongozwa na Abel Alier, naye ni mtu wa kusini. Wajumbe wa upande wa wapiganaji waliongozwa na Ezboni Mondiri. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 27 Februari 1972, yakathibitishwa mwezi mmoja baadaye. Kusini ikapata serikali yake ya jimbo na baraza lake la kutunga sheria, makao yake Juba, chini ya Rais Nimeiri.

Haya, kalamu zimewekwa chini. Kesho yake kunafanyika nini?

Watu kama 200,000 walikuwa nje ya nchi, na wengi zaidi ya hao walikuwa vichakani. Wote wanarudi. Paa za shule zimeanguka, barabara zimeota miti. Wapiganaji wa Anya-Nya nao wanangoja kuambiwa waende wapi. Mapatano yalisema jeshi la kusini liwe na watu 12,000, nusu yao wa kusini na nusu wa kaskazini. Hebu fikirini, ndugu: watu waliokuwa wakiwindana jana, leo wanapewa zamu moja ya ulinzi! Na kwa sehemu kubwa waliweza. Yalitokea maasi, kama yale ya Akobo mwaka wa 1975, lakini amani haikuvunjika siku hiyo.

Tena serikali ni kitu gani kwa mama aliyetoka msituni? Bendera haimshughulishi sana. Anataka dawa ya homa, mwalimu wa mtoto wake, na hakimu atakayesikia shauri la shamba lake, maana amerudi akamkuta mwingine analima. Hayo matatu yakikosekana, mama huyo hawezi kusema vita vimekwisha.

Kazi ilifanyika, tusiidharau. Juba iko ukingo wa magharibi wa Mto Nile, na malori yatokayo kwetu na Uganda hufika ukingo wa mashariki. Mwaka wa 1974 daraja lilijengwa pale kwa msaada wa Uholanzi, likisimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Chumvi, mabati na dawa vikavuka bila kungoja feri. Tungeulizwa ni kitu gani kimoja kilichosaidia watu kuliko hotuba zote, tungesema ni lile daraja. Uchaguzi wa baraza la jimbo ulifanyika mwezi wa Novemba 1973. Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa 1975, na wanafunzi wakaanza masomo 1977. Makanisa nayo yalianzisha shirika la ACROSS mwaka huohuo wa 1972, likifanya kazi kutoka Nairobi, likapeleka waganga na walimu.

Lakini palikuwa na ufa. Jimbo halikuwa na kodi za kutosha, likategemea fedha za Khartoum. Na katika fedha zilizoahidiwa kwa maendeleo, iliyofika ni sehemu ndogo tu. Iliyokuwapo ililiwa na mishahara. Twaelewa ilivyotokea: kila aliyepigana alistahili kazi, na kila aliyerudi na cheti alitaka meza. Hata hivyo karani asiye na karatasi, na mganga asiye na dawa, humfundisha raia kuidharau serikali yake mwenyewe. Halafu wivu ukaingia. Waliobaki mijini wakati wa vita walitazamana kwa jicho baya na waliotoka msituni. Wengine wakanung'unika kwamba kabila moja limekalia viti vingi.

Juu ya hayo, mkubwa wa Khartoum alianza kuuvunja mkataba aliouthibitisha mwenyewe. Alilivunja baraza la jimbo mwaka wa 1980, akalivunja tena 1981. Mafuta yalipatikana karibu na Bentiu 1978, na watu wa kusini wakaona yanavutwa kwenda kwingine. Mwaka huo pia ulianza kuchimbwa mfereji wa Jonglei, urefu wake kama kilomita 360, ili maji yapelekwe kaskazini na Misri. Mtambo mkubwa sana ukapita katikati ya vijiji ambavyo bado vilikuwa vinangoja kisima.

Mwezi wa Mei 1983 askari wa Bor waliasi. Mwezi wa Juni Nimeiri akaligawa jimbo mara tatu. Vita vikarudi, na mwaka wa 1984 mtambo ule ulisimama, kazi haijaisha.

Sasa turudi kwa Nehemia. Tunapenda kuhubiri sura ya tatu, kila jamaa wakijenga mbele ya nyumba yao, na ya nne, upanga mkono mmoja na kazi mkono wa pili. Ya tano tunairuka. Humo ukuta haujaisha, na kilio kinatoka ndani, si kwa adui. Maskini wameweka rehani mashamba yao wapate nafaka, na binti zao wamekwisha kuwa watumwa wa ndugu zao Wayahudi. Nehemia akakasirika, akaita mkutano mkubwa, akawataka wakubwa warudishe mashamba na riba. Yeye mwenyewe hakula posho ya liwali miaka kumi na miwili.

Mkataba mwingine wa Sudani ulitiwa sahihi papa hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Sudani Kusini ikawa nchi huru tarehe 9 Julai 2011, na Desemba 2013 viongozi wake wakaanza kupigana wao kwa wao. Sura hiyo ya tano ina aya kumi na tisa tu. Tuisome jioni ya leo, nyumba nzima, kabla taa haijazimwa.